Umeotesha bakteria kutoka maji ya bahari: utajuaje kama ni mpya?

Wanafunzi wakinionyesha kisahani cha agari (ute ulioganda wenye chakula cha bakteria) chenye koloni, yaani rundo la seli za bakteria, la rangi ya kupendeza, swali lao huwa moja: huyu ni mpya? Nami huwauliza: jirani yake ni nani? Bakteria akiwa peke yake hana upya wala ukale. Anaitwa mpya pale anapowekwa ubavuni mwa wale waliokwisha kupewa majina, akapimwa pamoja nao kwa vipimo vilevile, tofauti ikaonekana. Ukishika hilo, hatua zote zilizobaki zinajieleza, na utajua ipi ya kuharakisha na ipi ya kukawia nayo.

Maji yenyewe

Chupa iwe imetakaswa, na ifunguliwe ikiwa tayari imezama. Uso wa bahari una utando wake mwembamba wa mafuta na vumbi, na wakazi wa utando huo si wakazi wa maji yaliyo chini yake. Kama uko kwenye mashua, chota upande wa mbele, mbali na injini. Andika palepale tarehe, saa, latitudo na longitudo, kina, joto la maji na kiwango cha chumvi. Usiseme utaandika ukirudi. Siku ukiandika maelezo ya spishi, utatakiwa kusema straini yako, yaani ukoo mmoja safi wa bakteria uliouotesha, ilitoka wapi hasa, na "karibu na pwani" si jibu.

Kibali kitangulie chupa. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inahusu namna rasilimali za kijenetiki za nchi zinavyochukuliwa na namna faida yake inavyogawanywa. Benki za bakteria, yaani maghala yanayowahifadhi wakiwa hai, siku hizi huuliza karatasi hizo kabla ya kupokea kitu.

Sampuli ikae kwenye baridi na giza, na ifanyiwe kazi ndani ya saa chache. Claude ZoBell, mmoja wa waasisi wa mikrobiolojia ya bahari, alionyesha tangu miaka ya 1930 kwamba maji ya bahari yakifungiwa chupani idadi ya bakteria hupanda. Wanaopanda ni wale wenye pupa ya chakula. Sampuli iliyolala usiku kucha mezani haiwakilishi tena bahari, inaiwakilisha chupa.

Kuotesha na kusubiri

Mililita moja ya maji ya juu ya bahari huwa na bakteria laki kadhaa hadi milioni moja hivi. Ukiyamwaga juu ya agari, watakaoota hawafiki hata asilimia moja. Kundi la SAR11, ambalo ni miongoni mwa viumbe walio wengi kuliko wote baharini, lilijulikana mwaka 1990 kwa jeni yake tu. Lilioteshwa maabara mwaka 2002, na tena si kwenye agari bali kwenye maji ya bahari yenye chakula kidogo sana, yaliyozimuliwa mpaka kila kishimo kibaki na seli chache mno. Kwa hiyo kisahani chako ni mchujo mkali tayari. Kazi yako ni kuulegeza mchujo huo kadiri unavyoweza.

Midia, yaani chakula cha kuoteshea, inayotumika kila mahali ni 2216, iliyotokana na kazi ya ZoBell ya mwaka 1941. Kila lita ina gramu 5 za peptoni, gramu 1 ya dondoo ya hamira, gramu 0.1 ya sitrati ya chuma, pamoja na chumvi za bahari na agari. Ni nzuri, lakini ni karamu. Wanaoiwahi ni Vibrio, Alteromonas na Pseudoalteromonas, ambao wameshaelezwa mara nyingi. Mimi huiweka kandokando ya midia mbili za kimaskini: 2216 iliyopunguzwa mara kumi, na R2A, midia nyingine yenye chakula kidogo, iliyotengenezwa kwa maji ya bahari. Za kimaskini ndizo zinazonipa wageni.

Zimua sampuli kwa maji ya bahari yaliyotakaswa, wala si maji yaliyokenekwa. Bakteria wengi wa baharini hupasuka wakikutana na maji yasiyo na chumvi, na utakuwa umewaua kabla hujawahesabu. Tandaza mikrolita 100 za kila mzimuo, ziba kingo za visahani kwa utepe ili agari isikauke, weka kwenye nyuzi 20 hadi 25 za Sentigredi, kisha usahau kwa muda. Wiki mbili si nyingi. Wiki nne si wazimu.

Nina mazoea ambayo ningependa uyachukue. Kila koloni linapojitokeza, liwekee alama chini ya kisahani: kalamu ya buluu kwa wiki ya kwanza, nyekundu kwa yale yanayofuata. Wakati wa kuchagua, anza na mekundu. Macho hupenda koloni kubwa lenye rangi kali, lakini ugeni mara nyingi umo kwenye vidoti vilivyofifia, vya saizi ya ncha ya pini, vilivyochelewa kuja.

Kulisafisha koloni ni kuliburuta kwa kitanzi kwenye kisahani kipya, kuchukua koloni moja lililojitenga, na kurudia angalau mara tatu. Kila raundi weka tone chini ya hadubini. Ukiona vijiti vyembamba vikichanganyika na vya duara, bado una wawili. Wako bakteria wanaotegemeana kiasi kwamba ukiwatenga mmoja hukataa kuota. Hao waache kwanza, ni kazi ya aina nyingine.

Likishakuwa safi, ligandishe kabla ya kitu kingine chochote: midia ya maji ya bahari, gliseroli asilimia 20, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vichupa kadhaa, kila kimoja na namba yake. Ukiendelea kulihamisha kutoka kisahani hadi kisahani kwa miezi, litabadilika mikononi mwako.

Jeni ya 16S: mlango, si hukumu

Tangu Carl Woese na wenzake waonyeshe miaka ya 1970 kwamba RNA ya ribosomu inaweza kupanga ukoo wa viumbe vyote, jeni ya 16S imekuwa ndiyo utambulisho wa kwanza wa bakteria. Ina herufi 1,500 hivi. Unaizalisha kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, ukitumia praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia na pa kuishia) 27F na 1492R, kisha unaipeleka kusomwa mfuatano kutoka pande zote mbili, kwa kuwa usomaji mmoja wa njia ya Sanger hauimalizi. Tazama michoro ya vilele inayotolewa na mashine ya kusomea kwa macho yako mwenyewe. Vilele viwili vikikaa mahali pamoja mwanzo hadi mwisho, koloni lako halikuwa safi. Rudi kwenye kitanzi. Na usiache kuweka mrija wa PCR usiotiwa DNA. Praima hizi hukamata karibu bakteria yeyote, wakiwemo wale waliojificha ndani ya vimiminika vya kununuliwa.

Sasa tafuta jirani. Wengi huukimbilia utafutaji mpana wa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano na hifadhidata, wakarudi na orodha ndefu ya "bakteria asiyeoteshwa". Orodha hiyo haikusaidii. Unachotaka ni straini kielelezo, yaani ile iliyowekwa benki iwe kipimo cha jina la spishi fulani. Tovuti ya EzBioCloud hulinganisha na hizo moja kwa moja, na hata BLAST unaweza kuiamuru ibaki humo. Kisha fungua LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, uhakikishe kwamba majina unayoyaona bado yanatumika, maana kuna spishi zilizohamishwa jenasi na wewe bado unaziita kwa jina la zamani.

Matokeo yasome hivi. Kufanana na jirani wa karibu zaidi kukiwa chini ya asilimia 98.7, una spishi mpya kwa uwezekano mkubwa. Kukishuka chini ya 94.5 hivi, anza kufikiria jenasi mpya, ingawa mpaka huo ni laini na kila familia ina tabia zake. Kukiwa juu ya 98.7, usitupe koloni. Hapo ndipo watu huharakisha kukata tamaa. Ndani ya Vibrio kuna spishi tofauti kabisa ambazo jeni zao za 16S zinafanana zaidi ya asilimia 99. Isitoshe, jenomu moja, yaani DNA yote ya kiumbe, inaweza kubeba nakala kadhaa za jeni hiyo. Vibrio cholerae ana 8, na nakala si lazima zilingane herufi kwa herufi. Straini BB120, iliyotumiwa na maabara nyingi kuchunguza jinsi bakteria wanavyowasiliana, iliitwa Vibrio harveyi kwa miaka mingi. Mwaka 2010 ulinganisho wa jenomu ulionyesha kuwa ni Vibrio campbellii. Tafiti zote zile zilikuwa sahihi kuhusu kiumbe, ila si kuhusu jina lake.

Chora mti wa nasaba kwa njia mbili angalau, ule wa uwezekano mkubwa na ule wa kuunganisha majirani, na marudio 1,000 ya kupima uimara wa matawi. Tia ndani straini kielelezo zote za jenasi, si zile tatu zinazokupendeza. Tawi linalobadilisha mahali kila ukibadilisha njia linakuambia kuwa 16S haina la kusema zaidi.

Waite majirani nyumbani

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Ukishawajua majirani wawili watatu wa karibu, agiza straini zao kielelezo kutoka benki: DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini, LMG ya Ubelgiji, au popote zilipo. Agiza mapema, kwa sababu vibali na usafirishaji huchukua muda. Zikifika, zioteshe, soma 16S yake uhakikishe ndizo, kisha uzigandishe.

Kwa nini usitumie tu takwimu zilizochapishwa? Kwa sababu vipimo vya bakteria hubadilika na mazingira. Aliyempima jirani miaka ishirini iliyopita alitumia midia nyingine, joto jingine, pengine hata bechi ya peptoni nyingine. Ukiandika kwamba straini yako haimeng'enyi wanga wakati ya kwake ilimeng'enya, hujui kama tofauti imo ndani ya bakteria au ndani ya kisahani. Wapime siku moja, kwenye rafu moja, kwa mkono mmoja.

Jenomu

Siku hizi maelezo ya spishi bila jenomu hayapokelewi kirahisi, na ni haki. Viwango vilivyopendekezwa mwaka 2018 vinataka jenomu isomwe kwa kina cha mara 50 au zaidi, yaani kila herufi isomwe wastani wa mara hizo. Baada ya kuunganisha vipande, pima kwa programu ya CheckM: ukamilifu uwe juu, zaidi ya asilimia 95, na uchafu uwe chini ya 5. Kisha toa jeni ya 16S iliyomo ndani ya jenomu uilinganishe na ile uliyoisoma mwanzo. Zisipolingana, mojawapo si ya kiumbe wako, na hapo simama kabisa mpaka ujue ni ipi.

Hukumu ya spishi inatolewa na namba mbili. Ya kwanza ni ANI, wastani wa kufanana kwa herufi kati ya jenomu mbili; mpaka wake ni asilimia 95 hadi 96. Ya pili ni mseto wa DNA kwa kompyuta, ambao mpaka wake ni asilimia 70, urithi wa majaribio ya zamani ya kuunganisha nyuzi za DNA mbili ndani ya mrija, na mpaka huo uliafikiwa mwaka 1987. Tovuti ya TYGS ya DSMZ inakupa hii ya pili pamoja na mti wa jenomu bila wewe kuandika amri hata moja. Namba zote mbili zikiwa chini ya mipaka dhidi ya kila jirani, spishi yako imesimama. Zikigongana, mathalani ANI 95.4 na mseto 66, usilazimishe. Angalia mti wa nasaba uliochorwa kwa mamia ya jeni, angalia vipimo vya maabara, na uandike wazi kwamba uko mpakani.

Kwa ngazi ya jenasi hakuna namba inayotawala hivyo. Tazama kufanana kwa asidi amino za protini zote, tazama GTDB, hifadhidata inayopanga bakteria kwa jenomu zao, inawapangaje, tazama kama kundi linabaki pamoja mti ukichorwa upya. Binafsi napendelea kuwa bahili wa jenasi. Jenasi yenye spishi moja, iliyoundwa kwa sababu ya asilimia chache, humwongezea kazi anayekuja nyuma yako.

Mwili na tabia

Anza na rahisi: rangi ya Gram (inayogawa bakteria kuwa chanya na hasi), umbo, mwendo, kimeng'enya cha katalasi kwa hidrojeni peroksaidi asilimia 3, na kile cha oksidasi. Mitego ya baharini iko hapahapa. Chumvi ya midia huacha fuwele kwenye kioo cha hadubini zinazoharibu upakaji wa rangi. Kama Gram haieleweki, changanya koloni na tone la KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 3: likivutika kama uzi, ni Gram hasi. Kwa oksidasi tumia kitanzi cha plastiki, kwa kuwa waya wa nikeli na kromi huweza kukupa jibu chanya la uongo. Koloni likiwa la njano au la chungwa, lidondoshee KOH ya asilimia 20; likigeuka kuwa jekundu au la kahawia, lina rangi za fleksirubini, na pengine unashughulika na ndugu wa Flavobacterium.

Vifurushi vya vipimo vidogovidogo, kama API 20NE na API ZYM, havikubuniwa kwa ajili ya bakteria wa baharini. Maji ya chumvi yanayoelekezwa humo ni dhaifu kwa kiumbe wa bahari, naye atajibu hasi kila kitu, si kwa kukosa vimeng'enya bali kwa kukosa uhai. Tengeneza mchanganyiko kwa chumvi za bahari za asilimia 2 hadi 3, na majirani nao wapate uleule.

Mipaka ya kuota ichunguze kwa uangalifu. Joto: kuanzia nyuzi 4 hadi 45, ukipanda kidogokidogo. Chumvi: tengeneza midia isiyo na NaCl (chumvi ya kawaida) lakini uache magnesi na kalsi, kisha ongeza NaCl kutoka 0 hadi 10 kwa mia au zaidi. Ukiondoa chumvi zote kwa pamoja hutajua alichokikosa ni sodiamu au ni magnesi. Tindikali na besi: usitegemee kurekebisha pH mara moja basi. Tumia bafa, kimiminika kinachozuia pH isiyumbe, inayofaa kila eneo, MES kwa 5.5 hadi 6.5, HEPES kuzunguka 7.5, Tris kuelekea 8.5, CHES kwa 9 na kitu, na upime tena baada ya kutoka otoklavu, mtungi wa kutakasa kwa mvuke.

Kemia ya seli hufuata. Kwinoni, molekuli za utando wa seli zinazopitisha elektroni, inaweza kukuambia mapema kama umepotea njia: Flavobacteria huwa na MK-6, jamii ya Roseobacter huwa na Q-10, Vibrio na Alteromonas huwa na Q-8. Ukikuta Q-8 kwa kiumbe ambaye mti unamweka kati ya Ruegeria, walio wa jamii hiyo ya Roseobacter, kuna mrija uliobadilishana kifuniko. Asidi za mafuta ndizo zinazotaka nidhamu zaidi, kwa sababu bakteria hubadilisha utando wake kulingana na joto. Kwenye baridi huongeza asidi zisizoshiba ili utando usigande. Straini yako ikioteshwa kwa nyuzi 20 na jirani kwa 30, utachapisha tofauti ya inkubeta. Midia moja, joto moja, hatua moja ya ukuaji, ndipo uvune.

Na ukiweza kupata straini ya pili ya spishi hiyohiyo kutoka sampuli nyingine, itafute kwa bidii. Maelezo yaliyojengwa juu ya straini moja hayaonyeshi ni tabia zipi za spishi na ni zipi za huyo mmoja. Rudi kwenye friza. Alama nyekundu za vile visahani huenda zikakusaidia.

Jina na amana

Kanuni ya kimataifa ya majina ya prokarioti inataka straini kielelezo iwekwe kwenye benki mbili zilizo katika nchi mbili tofauti, na ipatikane kwa yeyote atakayeiomba. Benki hukupa vyeti, na bila vyeti jina halihalalishwi. Tuma mapema, kwa kuwa benki huiotesha na kuihakiki kwanza, na hiyo inaweza kula miezi. Kama kiumbe wako haoteki kabisa, upo mfumo wa SeqCode ulioanza mwaka 2022, ambao unakubali jenomu iwe kielelezo. Lakini huo ni mfumo wa pembeni, na kwa anayeota kwenye agari sioni sababu ya kuukimbilia.

Jina la spishi ni la Kilatini au lililolatinishwa, na lazima likubaliane na jinsia ya jenasi. Hapa sisi tuliokulia kwenye ngeli hatupati tabu: Vibrio ni ya kiume, hivyo huchukua marinus, Alteromonas ni ya kike, hivyo huchukua marina. Angalia LPSN kama jina halijachukuliwa. Usijipe jina lako mwenyewe. Jina la msimamizi wako ninakuachia dhamiri yako, ila mimi napenda jina linalosema kitu kuhusu kiumbe: rangi, chakula, au maji alikotoka. Ukifanya hivyo hakikisha jambo hilo ni la kudumu; spishi iliyoitwa kwa rangi ya njano hupata aibu straini nyeupe ikipatikana.

Maelezo rasmi yataje asili ya jina, umbo la seli, mipaka ya kuota, kemia, kiasi cha herufi G na C kwenye DNA, namba ya straini kwenye benki zote mbili, na namba za jenomu na 16S kwenye hifadhidata ya umma. Ukichapisha kwenye jarida la IJSEM, jina linahalalika hapohapo. Ukichapisha kwingine, jina lako halijahalalika mpaka upeleke makala na vyeti, likaingizwa kwenye orodha ya uhalalishaji inayotolewa humohumo IJSEM. Wengi huishia kwenye furaha ya kuchapishwa wakasahau kupeleka, na spishi yao hubaki ndani ya alama za kunukuu.